Majina ya Watu Hayawekwi Rehani

Wapwa zangu, kukopa si dhambi. Naanza na hilo msije mkaziba masikio mapema mkasema mjomba kaanza tena. Aliyejenga kakopa, aliyeoa kakopa, na hata yule mnayemwona asubuhi ya Idi kanzu imemkaa sawasawa, ukiuliza vizuri utaambiwa fundi bado anamdai. Aya ndefu kuliko zote katika Kurani, ya 282 ya Sura ya Al-Baqara, inazungumzia deni: liandikwe vipi, aandike nani, nani ashuhudie. Jambo lisingepewa nafasi kubwa namna hiyo kama binadamu wangeweza kuishi bila kukopeshana. Kwa hiyo sisemi msikope. Ninalosema, na nimelisema mpaka koo limekauka, ni kwamba mnapokopa kwenye simu mnaweka rehani kitu kisicho chenu. Mnaweka majina ya watu.

Tulieni niwaeleze. Najua mnasoma huku kidole gumba kiko tayari kupandisha ukurasa.

Hapa Tanga, zamani mtu akikwama alijua pa kugonga. Pa kwanza palikuwa dukani kwa jirani. Mwenye duka alikuwa na daftari la mistari, pembe zimekunjika, linanuka mafuta ya taa kwa sababu lilikaa karibu na pipa. Humo aliandika unga kilo mbili, sukari robo, sabuni kipande. Jina lako hakuliandika lote. Aliandika mama wa fulani, au alama anayoijua yeye. Na alipolifungua alilielekeza kifuani kwake, ili anayesubiri nyuma yako asione umefika shilingi ngapi. Hakuna aliyemfundisha adabu ile. Alijua tu kwamba ukiaibika dukani kwake hutarudi, na kesho kutwa na yeye atakwama.

Akina mama walikuwa na mchezo wao, upatu. Kijumbe akiona mmoja wao mtoto anaumwa, anawasemesha wenzake pembeni, zamu inasogezwa, mambo yanakwisha. Waume wengi walikuja kujua baada ya miaka.

Mwanamke akibanwa hasa alivua bangili. Alitoka saa ya jua kali, watu wamejilaza, bangili imefungwa kwenye pindo la kanga. Aliyeipokea aliipima, akaisugua kwenye kijiwe chake cheusi kuona rangi ya dhahabu, akataja kiasi, akaandika. Akilipa, bangili inarudi mkononi kabla ya harusi inayofuata. Akishindwa, bangili imekwenda, na imekwenda ikiwa yake. Shoga yake akiuliza mbona mkono mtupu, ataambiwa imelegea, iko kwa sonara. Shoga hataamini, lakini hatauliza mara ya pili.

Sitaki kuwauzia zamani kana kwamba ilikuwa pepo. Walikuwapo wadai waliokaa kizingitini mpaka mtu akatoka, na zipo bangili zilizoliwa kwa hila. Ila kilichowekwa kilikuwa cha mkopaji mwenyewe, na deni lilikuwa na sitara.

Ilipokuja pesa ya simu, M-Pesa kule Kenya mwaka 2007 na hapa kwetu mwaka uliofuata, nilifurahi, na bado nafurahi. Tulikuwa tukituma pesa kijijini kwa kondakta wa basi, ndani ya bahasha, tukiomba Mungu. Baadaye mikopo nayo ikaingia humo humo kwenye simu. M-Shwari ilianza Kenya mwishoni mwa 2012, M-Pawa ikaja kwetu mwaka 2014, Fuliza ikafuata kule kwa jirani mwaka 2019. Bei yao si ya kuchekea. M-Shwari ilipoanza ilitoza ada ya asilimia 7.5 kwa mkopo wa siku 30. Anayekopa hivyo kila mwezi, mwaka ukiisha ametoa asilimia 90. Lakini mwenye pesa anajulikana, benki ina jina na ina mlango, na kinachopimwa ni wewe: namba yako, akiba yako, jinsi unavyoingiza na kutoa pesa. Mkataba ni wako na wao. Naweza kubishana nao juu ya bei, na hubishana, lakini sioni kuwa wamemuibia mtu wa tatu.

Kisha zikaja hizi nyingine. Watu wameziita kausha damu, jina lililoanzia kwa wakopeshaji wa mitaani likahamia kwenye simu bila kupoteza maana. Unazikuta katikati ya video mbili za vichekesho: mkopo ndani ya dakika tano, hakuna dhamana, hakuna foleni. Chini kabisa, kwa herufi za kutafutia miwani, vigezo na masharti kuzingatiwa.

Hakuna dhamana ni uongo. Dhamana ipo, inaombwa hatua ya pili. Ukishapakua programu na kuifungua, inakuuliza: niruhusu nisome meseji zako? Niruhusu nisome anwani zilizomo kwenye simu? Nijue uliko? Nifungue picha? Unabonyeza ruhusu, ruhusu, ruhusu, kwa sababu mtoto ana homa, au mwenye nyumba amesimama mlangoni. Meseji inazitaka kwa kuwa humo yamo maisha yako ya pesa: mshahara unaingia tarehe ngapi, unamtumia mama kiasi gani, salio linalala na shilingi ngapi. Hizo angalau ni siri zako, na mtu mzima ana haki ya kuuza siri zake akitaka kujidhalilisha. Majina inayataka kwa kazi nyingine kabisa. Hayo yanawekwa akiba ya siku utakayochelewa.

Ndani ya muda mfupi orodha yako yote imenakiliwa na kupelekwa kwenye kompyuta ya watu usiowajua. Mama yumo. Bosi yumo, mkwe yumo, fundi wa jokofu yumo, mwalimu wa madrasa wa mwanao yumo, na yule mliyeachana vibaya ambaye hukumfuta kwa sababu unazozijua mwenyewe. Hata mmoja hakuulizwa.

Najua haya kwa sababu yalinifikia. Alasiri moja niko barazani, meseji ikaingia kutoka namba ngeni. Ilisema nimjulishe fulani, akataja mmoja wa wapwa zangu kwa majina yake matatu, alipe deni kabla ya saa 11 jioni. Kwamba mimi nimeandikwa kuwa mdhamini wake. Na akikaidi hatua zitachukuliwa dhidi yake na dhidi yangu. Mdhamini! Sijatia saini popote, sijui amekopa lini wala kwa nani. Nikapiga ile namba. Akapokea binti mwenye sauti changa, nyuma yake nasikia wenzake wengi wakisema maneno hayo hayo kwa watu wengine. Nikamsalimia. Hakuitikia salamu. Akaniuliza kama niko tayari kumlipia.

Baada ya swala ya magharibi ndipo nilipojua kuwa sikuwa peke yangu. Imamu alipata. Muuza mkaa alipata. Mwenyekiti wa kamati ya harusi ya kijana huyo alipata, na yeye akaongezewa picha ya kitambulisho cha kijana, juu ya uso limeandikwa TAPELI kwa rangi nyekundu. Baba mkwe mtarajiwa naye alipata. Harusi ilifungwa, alhamdulillahi, lakini mahari ikajadiliwa upya na yakasemwa mle sebuleni maneno ambayo sitayaandika hapa. Kijana alizima simu akajifungia. Aliyebeba lawama ni mama yake, dada yangu, ambaye maishani mwake hajawahi kudaiwa hata bei ya fungu la mchicha. Alikuja kwangu kajifunika kanga mpaka machoni.

Deni lenyewe lilikuwa Sh 60,000.

Nilimkalisha kijana chini, nikamwambia anisomee alivyokopa, bila kelele. Aliomba 60,000. Zikaingia 42,000, ile 18,000 ilikatwa palepale, wakaiita ada ya huduma. Baada ya siku 7 arudishe 60,000 kamili. Piga hesabu: kwa pesa aliyoishika mkononi, ametozwa karibu asilimia 43 kwa wiki moja. Riba ya namna hiyo hata yule aliyekuwa akipokea bangili angeona haya kuitaja. Alipochelewa ikaongezwa faini kwa kila siku. Akafungua programu ya pili ili alipe ya kwanza. Ya pili nayo ikaomba majina, naye akaipa.

Sasa angalieni walivyoipanga. Wenye programu wanajua hawatakwenda mahakamani kwa shilingi elfu sitini. Hawana bangili ya kuuza. Walichonacho ni orodha yako, na wanajua kwamba kwetu sisi aibu hulipwa kabla ya kodi ya nyumba. Kwa hiyo hawamtafuti mdaiwa. Wanawatafuta watu wanaomheshimu, ili wao ndio wamkabe. Muuza mkaa ndiye aliyefanywa mkusanya madeni, bila mshahara. Imamu kadhalika. Na mimi mzee mzima, baada ya kusoma ile meseji, kitu cha kwanza nilichofanya ni kuvaa makubadhi nikamtafute kijana nikamgombeze. Yaani walishaniajiri.

Mtasema: mjomba, kila mtu ana uhuru wa kuchagua, mteja ndiye anayejua shida yake. Kweli. Sina ugomvi na anayechagua simu, bando, king'amuzi, mafuta ya kupaka, hata hizo simu za macho matatu ambazo bei yake inashinda mshahara wa miezi, unazichukua kwa mkopo na usipolipia inajifunga yenyewe mfukoni, unabaki na kioo cha kujitazamia. Huo ni upuuzi wako na unautumikia mwenyewe. Lakini ulipobonyeza ruhusu hukuchagua peke yako. Ulimchagulia mama yako. Ulimchagulia daktari wa watu. Namba yangu nilikupa siku ya msiba wa babu yako ili tupigiane kuhusu sanda na gari la kubebea watu. Nilikupa kwa amana. Hukupewa uitumie kama bangili ya rehani.

Wapo wajanja watakaosema, mbona hata WhatsApp inasoma majina yote ya kwenye simu na wewe mjomba umo humo ndani, tena unatuma salamu za Ijumaa zenye maua. Ni kweli inasoma, na maua nayatuma. Sipendi inavyosoma, na anayetaka kunibishia hapo nitamwachia ushindi. Ila mwenye WhatsApp hajampigia mkwe wa mtu kumwita tapeli. Ukubwa wa dhara ni jambo la kuangaliwa, na mtu mwenye akili hashindwi kutofautisha mbu na chatu kwa kuwa wote wanauma.

Pamoja na hayo, hoja yao imenifanya nione kuwa ugonjwa ni mpana kuliko mikopo. Mmezoea kugawa watu. Mtu anamwingiza mwenzake kwenye kundi la watu mia mbili bila kumuuliza, na kuanzia hapo namba yake iko mikononi mwa kila muuza viwanja. Mtu anapiga picha mgonjwa hospitalini, mipira puani, anairusha aombewe dua, na mgonjwa akipona anakuta mji mzima umemwona akiwa hana nguo ya maana. Namba ya binti inatolewa kwa kijana aliyeomba tu, kwa kuwa "ni mtu mzuri". Hayo yote ni mkono ule ule unaobonyeza ruhusu. Nikiishia hapo mtanisamehe, maana nikiendelea tutafika kwenye mazishi yanayorushwa mubashara na sina nguvu hiyo leo.

Turudi kwenye mikopo. Msidhani sheria haipo. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data tangu 2019. Mwaka 2022 Benki Kuu ya Kenya ikatoa kanuni za wakopeshaji wa kidijitali, zikawakataza kutisha na kutukana, na zikawakataza kuwasumbua watu waliomo kwenye orodha ya majina ya mkopaji. Septemba 2023 ofisi ya Kamishna wa Data huko Nairobi ikaitoza kampuni moja ya mikopo faini ya shilingi 2,975,000 za Kenya, kwa kutumia majina na namba za watu ilizopata kwa wengine kuwatumia meseji za vitisho. Someni hapo taratibu: waliolalamika na kusikilizwa ni watu ambao majina yao yalitolewa na wengine. Watu kama mimi.

Kwetu Tanzania ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kufanya kazi tarehe 1 Mei 2023, na ipo Tume yake inayopokea malalamiko. Benki Kuu nayo, mwezi Novemba 2024, ilitangaza orodha ya programu na majukwaa 69 yanayokopesha mtandaoni bila leseni. Sitini na tisa! Na hizo ni zilizojulikana. Hata Google, ambao si watu wa huruma sana, mwaka 2023 walizipiga marufuku programu za mikopo zilizomo kwenye duka lao kugusa majina au picha za mtumiaji.

Basi mbona zipo? Kwa sababu mlango ukifungwa huku, wanapita kule. Programu ikifutwa leo, wiki ijayo iko na jina jipya na rangi mpya, wenye nayo wale wale. Zilizofukuzwa kwenye duka zinasambazwa kwa kiungo ndani ya meseji, unaambiwa bonyeza hapa upakue, na simu yenyewe inakuonya kuwa faili hili halijulikani lilikotoka. Unaipuuza simu. Simu imekuwa na busara kuliko mwenye simu, na mwenye simu ana diploma.

Niwaeleze ya kufanya, maana kugombeza peke yake hakujawahi kumlipia mtu deni. Kabla ya kukopa, tafuta jina la mkopeshaji kwenye orodha ya wenye leseni. Benki Kuu inaitoa hadharani, ya Kenya vilevile. Hayumo, achana naye, hata kama jirani alikopa akapata. Akiomba kusoma majina, kataa. Akisema bila majina hakupi mkopo, amekujibu swali ulilotakiwa kumuuliza. Kwa programu iliyokwisha kuruhusiwa, ingia kwenye Mipangilio, kisha Programu, kisha Ruhusa, uondoe Anwani na Meseji. Mjue pia jambo ambalo vijana wengi hawalijui, au wanajifanya: kuifuta programu hakurudishi majina yaliyokwisha kunakiliwa. Waliyochukua wamechukua. Kwa hiyo ukifuta, usikae kimya. Waambie watu wako. Waambie kwa mdomo wako kwamba nimekopa mahali pabaya, mkipata meseji msishtuke na msilipe. Inauma kusema hivyo. Yule mpwa wangu nilipomlazimisha aseme kwenye kamati ya harusi alitokwa jasho. Lakini siku ile ile meseji zao zilikosa kazi, kwa sababu aibu waliyotaka kuiuza ilikuwa imeshatolewa bure.

Meseji za vitisho msizifute kwa hasira. Pigeni picha ya kioo, zionekane namba, tarehe na saa, mzihifadhi. Huo ndio ushahidi. Mlalamike kwenye Tume kwa maandishi. Na wewe uliyetumiwa meseji ya deni la mwenzako, usiisambaze kwenye kundi la familia ukiuliza "jamani huyu vipi?" Ukifanya hivyo umewamalizia kazi. Mpigie mwenyewe, pembeni, umuulize amekula?

Na pesa uliyopokea mkononi irudishe. Simpi mtu kisingizio hapa. Mkopeshaji kuwa haramia hakukufanyi wewe kuwa mwenye haki ya kula cha watu. Kijana wetu tulimchangia, akarudisha ile 42,000 aliyoishika na kidogo juu yake. Zile nyingine alizokuwa akidaiwa kwa jina la faini tuliwaambia waende kuzidai kwa maandishi wanapostahili. Hawajaandika.

Nina neno kwa wenzangu wenye mvi pia, na hili halitapendwa. Kwa nini mtoto anakopa kwa mtu asiyemjua, kwa asilimia 43 kwa wiki, wakati ana baba wadogo watatu, shangazi wawili na mjomba mwenye pensheni? Nilimuuliza yule kijana. Akaangalia chini muda mrefu, akasema: programu haiulizi. Shangazi akiombwa 20,000 anataka kujua mshahara umekwenda wapi, kwa nini hukumwambia mkeo apunguze matumizi, na mbona mwenzio wa rika lako ameshanunua kiwanja. Halafu anatoa 10,000. Halafu Jumapili anasimulia kwenye kikao cha ukoo. Programu inatoa ndani ya dakika tano, na inakuheshimu mpaka siku ya saba.

Jibu lile lilinichoma, na liwachome na nyinyi. Wapo wazee katika nyumba zetu ambao hawatofautiani na yule binti wa kwenye simu isipokuwa kwamba wao huitikia salamu. Mtoto akikujia na shida, ama una pesa ama huna. Kama huna, mwambie huna, umtakie kheri. Kama unayo, mpe unachoweza, mwandikiane, mtaje tarehe, na habari iishie hapo mlipokaa. Mawaidha yawekwe siku nyingine, siku ambayo hana shida, ndipo atayasikia. Daftari la mwenye duka lilielekezwa kifuani. Wengine wetu tunalisoma kwa kipaza sauti.

Tunaanzisha kitu hapa kwetu, kidogo, hakina hata jina. Kila mwezi kila mmoja anaweka anachoweza kwa kijumbe mmoja, mwanamke asiye na maneno mengi, na mwenye shida ya ghafla anakwenda kwake peke yake. Anaandika, anapewa, analipa bila riba. Hakuna kundi la WhatsApp. Niliombwa na vijana tulifungue ili "iwe rahisi kufuatilia", nikakataa. Hakuna cha kufuatilia. Kijumbe anajua, mkopaji anajua, na Mola wao anajua.

Sasa nimechoka, wapwa zangu, na macho haya hayapendi mwanga wa kioo. Sitawaandikia tena juu ya jambo hili. Ninachowaomba ni kidogo: leo, kabla hamjalala, kila mmoja aingie kwenye simu yake aangalie ni programu zipi zimeruhusiwa kusoma majina ya watu. Ya mkopo ikiwemo, iondoleeni ruhusa. Na aliyekwisha kuniweka mimi kwenye rehani ya namna hiyo aje aniambie mwenyewe, nisisikie kwa binti asiyeitikia salamu. Nipo nyumbani kila siku baada ya alasiri, na sitauliza mshahara umekwenda wapi.